Shoga, kuhusu yule mweka hazina wetu asiyesali

Shoga yangu, za siku nyingi, za Tanga, watoto hawajambo? Mi huku Arusha mzima, baridi tu ya mwezi wa saba inatutoa kamasi. Ile voisi yako ya dakika nane nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa jikoni nikaishia kuunguza vitunguu, nikasema hii siijibu kwa voisi manake nitapiga kelele mpaka majirani wajue mambo ya kikoba chetu, bora niandike.

Unasema tumepotea kumpa hela za watu mtu asiyesali popote. "Asiyemwogopa Mungu atakuogopa we?" Sikufichi, hilo swali limenikaa wiki nzima, hata kwenye kikao kuna mama aliuliza hivo hivo na watu wakaitikia eeeh. Ila wakati anaongea mi nilikuwa naliangalia sanduku. Unalijua, la bati, kufuli tatu, funguo tatu wanakaa nazo watu watatu tofauti na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Tupo 26, humo kuna wazee wa kanisa, kuna wanakwaya, kuna wenzako ambao swala tano haziwapiti, tunafungua kwa dua tunafunga kwa dua, na bado tumepiga kufuli tatu. Sasa tunamfungia nani shoga, kama hofu ya Mungu ingetosha si tungefunga kwa kamba ya katani tu yakaisha.

Na yule aliyetangulia unamkumbuka, sitamtaja, anafunga na kuomba, maombi ya mkesha hakosi, mfuko wa jamii ukaondoka naye na sisi tukabaki na daftari. Alipobanwa akasema shetani alimpitia. Yaani shetani huwa anawapitia waumini tu, sisi wengine hata hatusalimii.

Huyu mpya ni fundi cherehani, yule wa karibu na stendi ya daladala. Mwaka jana nilimpelekea kitenge anishonee gauni, na we unajua mafundi na vipande vya watu, vinaishia kuwa foronya nyumbani kwao. Gauni likarudi na vipande vyote, hata kile cha ukubwa wa kiganja, kavikunja kavibana na pini. Nikamuuliza mbona hivi hata nisingejua, akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kipuuzi, "si kitambaa chako mama." Basi. Hakuna aya, hakuna Mungu anakuona, akarudi kwenye cherehani.

Halafu nikakumbuka enzi zile natembeza chapati pale AICC, lile jumba la mikutano la hapa Arusha, ile mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokuwepo. Wateja wangu wengine walikuwa wafanyakazi wa humo ndani, wakinywa chai hawasemi sana, ila kesi ya yule padri Athanase Seromba kila mtu mjini aliijua. Aprili 1994 watu kama 1,500 walikimbilia kanisa lake la Nyange, wakaamini padri yupo, likaletwa katapila likaangusha kanisa juu yao, na mahakama ikakuta yeye mwenyewe alimwonyesha dereva upande ambao ukuta ni dhaifu. Walianza kumpa miaka 15, rufaa ya 2008 ikapandisha ikawa kifungo cha maisha. Nchi hiyo hiyo, miezi hiyo hiyo, kulikuwa na bibi mmoja mganga wa kienyeji, Zura Karuhimbi, amefariki 2018, yeye alificha watu kwenye kijumba chake, inasemwa zaidi ya 100. Interahamwe, wale wanamgambo wauaji, wakija anajipaka mitishamba inayowasha kama upupu anawagusa nayo, anatikisa bangili, anawaambia mkiingia humu mizimu itawamaliza, wanaume na mapanga yao wakarudi nyuma!

Hapo najua utaruka, utasema umeona, waliogopa, hofu ndo iliwazuia. Ni kweli, sibishi. Hofu inamzuia mwenye panga. Lakini yule bibi aliyefungua mlango alimwogopa nani? Angekuwa anaongozwa na woga angeufunga, maana wakimkuta wanamuua na yeye. Hapo ndo mi nimeganda, sitoki.

Na usidhani nimeiacha dini, kipaimara cha mwanangu kipo mwezi wa kumi na mchango unauleta. Kaka yangu bila kuokoka angekuwa amekufa na gongo, hilo nimeliona kwa macho yangu, kwa hiyo anayesema imani haibadilishi mtu namwona mwongo vilevile. Ila huyu huyu mwanangu alimuuliza mchungaji darasani, eti Mungu akiamua kesho kuiba ni halali, kuiba kutakuwa kuzuri? Mchungaji akasema Mungu hawezi kutaka hivo. Dogo akasema basi ubaya wa kuiba upo hata kabla hajakataza. Mchungaji akacheka, akasema hilo swali ni la kina Sokrate, wale wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akawarudisha kwenye amri kumi haraka haraka. Na we mwenyewe uliwahi kunihadithia Muutazila na Ashaari, yale makundi ya wanazuoni wenu wa Kiislamu, walivyogombana, Muutazila wakisema akili inajua zuri na baya hata bila sheria kushuka, Ashaari wakikataa. Sisi kwetu Paulo kaandika Warumi 2 kwamba wasio na torati wanafanya ya torati kwa sababu imeandikwa mioyoni mwao, nikasoma nikamkumbuka fundi na pini zake.

Kwa hiyo kura yangu sijutii, akiiba nitakupigia mwenyewe, utanisema mpaka bando liishe. Na kufuli hazijatoka, usijali, ufunguo wa pili nimepewa mimi, nimeuvaa shingoni na ule msalaba wa marehemu mama, nikitembea vinagongana.

Zile khanga doti mbili nilizokuagiza nitumie na basi la asubuhi, hela nimeshakurushia pamoja na ya kutolea. Nitampa huyo huyo fundi azipinde.

Wako,
mama wa chapati