Udata haumcheleweshi mtoto kusema

Mhariri,

Hapa Mombasa mtoto akichelewa kusema, lawama ya kwanza huuangukia udata, ule utando wa chini ya ulimi, na wengine hukimbilia kuukata. Inatuuma. Udata uliobana waweza kutatiza kunyonya au matamshi ya l na r, lakini haumzuii mtoto kuelewa wala kujifunza maneno. Ukikatwa ovyo huleta damu na maambukizi, na usemi hauji.

Anzeni na masikio. Baada ya mafua ya mara kwa mara, majimaji yaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto hugutuka mlango ukibamizwa, basi mkadhani anasikia vyema. Mwiteni jina kwa sauti ndogo akiwa amewapa mgongo. Kama hageuki, apimwe.

Kufikia mwaka mmoja awe ameshabwabwaja "bababa" na kuonyesha vitu kwa kidole. Miezi 18 bila neno, au miaka 2 bila kuunganisha mawili ("mama njoo"), mpelekeni kliniki, msingoje eti wavulana huchelewa. "Taka maji" badala ya "nataka maji" si kasoro katika umri huo. Wala Kigiriama cha nyanya hakimchanganyi. Hesabuni maneno ya lugha zote pamoja.

Wahudumu wa tiba ya usemi,
Mombasa