Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Baharini: hata samaki wanaotupwa wahesabiwe

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi.

Naomba nikuongeleshe kuhusu trola, yaani zile meli zinazoburuza wavu kuvua kamba (prawns) kule ghuba ya Ungwana, hasa wale samaki wanaoingia kwa wavu na hakuna aliyewataka. Unaweza kushangaa mtu wa Nairobi anatafuta nini kwa mambo ya Malindi na Kipini, lakini maji ya Mto Nairobi yanaingia Athi, na huo Athi ndo unafika baharini ukiitwa Sabaki, hapo tu kaskazini ya Malindi, na lile tope unalobeba ndo kamba wanapenda. Tena ofisi yako iko hapa.

Nimekuwa nikisoma vile krili wanavuliwa Antaktika. Krili ni wadogo, karibu tu na uduvi wetu, lakini nyangumi, pengwini na sili wengi wa huko wanawategemea. Kuna mkataba wa kulinda viumbe wa bahari ya huko ulioanza kutumika 1982, ofisi yake iko Hobart, Australia, na tangu msimu wa 2020/21 kila meli ya krili lazima ibebe mwangalizi wa kisayansi. Huyo mtu anachukua sampuli kabla mzigo haujaenda kiwandani ndani ya meli, anaimwaga kwa trei anaanza kutoa samaki mmoja mmoja, na hapo ndo kazi iko, juu wengi ni vifaranga, hata kidole hawafiki, mwili hauna rangi, ukiangalia haraka unadhani ni krili tu. Anatambua aina, anapima urefu, anaandika. Na kwa uzito hao samaki ni sehemu ndogo sana ya mavuno! Lakini meli zinavuta maelfu ya tani, kwa hivyo hiyo sehemu ndogo bado ni vifaranga wengi mno, na kuna samaki wa huko waliovuliwa kupita kiasi tangu mwisho wa miaka ya sitini, ikachukua miaka mingi sana kabla hata ya dalili za kurudi.

Sasa sisi. Wavu wetu wa kamba unaburuzwa chini kabisa kwa tope, macho yake ni madogo, unazoa kila kitu, na mara nyingi samaki wasiolengwa wanazidi kamba wenyewe. Wakubwa wanauzwa, wadogo wanarudishwa baharini wakiwa wamekufa, na hao wadogo ndo mvuvi wa Ngomeni angewapata wakikua. Trola zilisimamishwa 2006 sababu ya huu mvutano na wavuvi wadogo, zikarudi 2011 zikiwa na masharti, kuna miezi ya kufunga uvuvi na kuna kile kifaa cha vyuma cha kumtoa kasa kwa wavu. Hayo ni mazuri na walioyapigania nawashukuru kwa moyo wote. Lakini kile kifaa kinamtoa kasa, lakini samaki mdogo kama fumi anapita katikati ya vyuma anaendelea na safari hadi mwisho wa wavu.

Mheshimiwa, sheria ya uvuvi ya 2016 inakupa nafasi ya kuweka waangalizi melini. Ninachoomba ni mwangalizi awe kwa kila trola, kila safari, na achukue sampuli yake kabla mabaharia hawajachagua chochote, juu wakishachagua hata aje mwanasayansi mzuri vipi, anahesabu mabaki. Aandike vifaranga kwa aina na urefu, na wavu ulishushwa wapi, kina gani. Mshahara wake usipitie kwa mwenye meli, tafadhali sana, hapo ndo ukweli unaharibika. Kamera ziwekwe pia, lakini kamera haiwezi kutofautisha vifaranga viwili vya aina tofauti ndani ya rundo la tope.

Na hizo data zitoke. Pale City Market tunanunua kamba kwa kilo na hakuna anayejua kilo moja ya kamba imetoka na kilo ngapi za samaki wengine. Kamati za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo, za Kipini na Ngomeni ziwe na hizo hesabu mkononi kabla leseni haijatolewa upya, sio baadaye.

Msimu unafunguliwa Aprili. Tunaomba waangalizi wawe wamefunzwa na kupangiwa meli zao kabla ya hapo, na ripoti ya msimu uliopita iwe imewekwa wazi.

Wako,
Mkazi wa South B, Nairobi