Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba: muziki uingie, spika zibaki nje

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nimepokea kwa furaha tangazo la ofisi yako kwamba ukumbi mkuu wa kusomea wa maktaba yetu ya kihistoria utafunguliwa jioni, baada ya saa za wasomaji, kwa ajili ya maonyesho ya muziki. Sipingi uamuzi huo. Kinachonifanya nikuandikie hadharani ni sentensi moja tu ya tangazo, ile inayowaachia waandaaji wachague wenyewe mitambo ya sauti. Naomba ifutwe, na mahali pake iandikwe kanuni isiyo na mwanya: ala zipigwe bila kukuzwa kwa umeme, na mwimbaji aimbe bila maikrofoni.

Ukumbi wenyewe unadai hivyo. Dari yake iliyo juu sana na kuta zake ngumu hurudisha sauti, huku rafu zilizojaa vitabu zikiinyonya sehemu na kuitawanya nyingine. Mwanafizikia Wallace Sabine, aliyeanza mwaka 1895 kuchunguza kwa nini wahadhiri hawakueleweka katika ukumbi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akihamisha mito ya viti usiku na kupima sauti inachukua muda gani kufifia. Aligundua kwamba muda huo hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinavyonyonya sauti, wasikilizaji wakiwemo. Kwa hiyo, katika chumba chenye mwangwi, fundi anayeongeza nguvu ya spika huongeza mwangwi kwa kiasi kilekile, na maneno ya wimbo hayawi wazi zaidi. Udi, gitaa, fidla au zeze havihitaji msaada huo, kwani chumba chenyewe kinavikuza.

Muziki ndani ya maktaba si jambo geni. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua mwaka 1925 ukumbi uliofadhiliwa na Elizabeth Sprague Coolidge kwa ajili ya vikundi vidogo vya muziki, na katika miaka ya 1930 ikapokea kutoka kwa Gertrude Clarke Whittall ala zilizotengenezwa na Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla wa Italia, ambazo mfadhili huyo alitaka zipigwe, si zitazamwe tu. Ukumbi ule, bila shaka, ulijengwa kwa ajili ya muziki. Wetu ulijengwa kwa ajili ya ukimya, na tofauti hiyo inatudai tahadhari zaidi.

Tahadhari kubwa ni ya moto. Tarehe 2 Septemba 2004, maktaba ya Anna Amalia mjini Weimar, Ujerumani, iliungua na kupoteza juzuu zipatazo 50,000. Hitilafu ya umeme ndiyo iliyoshukiwa. Jengo la kale halipaswi kubebeshwa vikuza sauti na nyaya za muda zilizotandazwa kati ya rafu. Mishumaa nayo ipigwe marufuku, hata kama inapendeza kwenye picha. Piano kubwa ya tamasha, yenye uzito wa karibu nusu tani, isiingizwe kabla mhandisi hajaipima sakafu.

Liko pia suala la hewa, ambalo waandaaji hulisahau. Kila msikilizaji aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi pamoja na unyevu wa pumzi na jasho, na karatasi, ngozi na gundi za majalada ya zamani huvimba na kusinyaa kulingana na unyevu huo. Mbao na nyuzi za ala hubadilika vilevile. Mpigaji fidla anayelazimika kukaza nyuzi zake kila baada ya wimbo anatoa onyo kuhusu vitabu pia. Idadi ya viti basi iamuliwe na kipimo cha unyevu, wala si na mauzo ya tiketi.

Najua waandaaji watalalamika kwamba walioketi nyuma hawatasikia. Wapunguze safu, wawaweke wanamuziki katikati na kuwazungushia viti. Onyesho linalohitaji mamia ya watu ili gharama zirudi litafute ukumbi mwingine. Hilo si kosa la maktaba.

Naomba kanuni hii iingizwe katika fomu ya maombi na katika mkataba kabla mwandaaji wa kwanza hajalipa amana, kwa maana baada ya hapo itakuwa vigumu kumzuia asishushe spika zake mlangoni.

Wako mtiifu,
Msomaji wa maktaba