Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji: hendeli ya geti iko wapi?

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Naandika kwa heshima zote maana wewe ndo kiongozi wetu na hatuna mwingine wa kumlilia, ila naomba uvumilie kama maneno mengine yatatoka makali, usiku wa mafuriko hatujalala na nyumba yangu mpaka sasaivi inanuka tope. Barua za kawaida tumeshaandika, zile zenye kichwa cha habari na nakala kwa huyu na yule, zinapigwa muhuri wa kupokelewa alafu basi, kimya. Ndo maana hii naiweka hadharani kila mtu aisome.

Kwanza tuelewane kitu kimoja kabla maofisa wako hawajakuandikia ripoti kwamba mvua ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Mto haukupita juu ya tuta, lile la udongo mlilotujengea kuuzuia mto. Narudia, haukupita juu ya tuta. Tulikuwa pale na matochi, maji yalikuwa chini ya kilele cha tuta kama urefu wa mkono wa mtu mzima, nafasi ilikuwepo bado. Maji yameingia mtaani kwa kupitia lile kalvati, bomba kubwa linalopita chini ya tuta, lile lililowekwa ili maji ya mvua ya upande wetu yatoke yaende mtoni. Kalvati lina geti la chuma. Mto ukipanda geti linashushwa, mto ukishuka geti linapandishwa, hiyo tu ndo kazi yake. Sasa mto umepanda usiku, geti liko wazi, na hendeli ya kulishushia haipo. Pale juu kwenye fremu kimebaki kile kichuma cha mraba ambacho hendeli inachomekwa, kimeliwa na kutu mpaka kona zimeisha, vijana wamejaribu spana ya bomba ikateleza, wakajaribu nondo, likashuka kidogo tu likakalia gogo na matakataka yaliyojazana mlangoni, likagoma hapo hapo. Kijana mmoja akajifunga kamba kiunoni akashuka kulitoa lile gogo, tukamvuta haraka maana maji yalikuwa yanamnyonya kuelekea kwenye bomba. Angeweza kufa Mheshimiwa. Angekufa kwa sababu ya kipande cha chuma ambacho fundi yeyote wa kuchomelea anakitengeneza kabla ya saa sita mchana.

Tukapiga ile namba ya dharura iliyoandikwa kwenye kibao, haipatikani. Tukapata namba ya ofisa mmoja, huyo alipokea, Mungu ambariki, lakini akasema hendeli alikuwa nayo mwenzake aliyehamishwa na yeye hajakabidhiwa kitu. Akatupa namba ya ofisi nyingine, ile nayo ikasema kalvati sio lao, lao ni tuta peke yake, kalvati ni la watu wa barabara. Watu wa barabara kulipokucha wakasema wao wanahusika na kalvati za barabarani, hilo liko chini ya tuta. Yani geti moja limekosa mwenyewe kati ya ofisi zote hizo, na wakati wanatupiana mpira sisi tunabeba wazee mgongoni.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndo ofisi yangu. Maji yalipoingia nilimnyanyua mama yangu kwanza, nikampandisha juu ya meza ya kukatia vitambaa, alafu watoto, niliporudi kwa cherehani maji yalikuwa yameshafika kwenye kanyagio na mlango hausukumiki. Nimeifungua yote tangu siku ile, skrubu moja moja, nimeisafisha kwa mafuta ya taa, kila ukidhani imekwisha unazungusha gurudumu unasikia mchanga unasaga ndani, na kwenye kile kikasha cha bobini tope limekauka kama sementi. Sare za shule nilizokuwa nimeshonea watu, zimeshakatwa zimeshalipiwa nusu, zote zimeloa yale maji ya vyooni, wazazi wanakuja mlangoni wanaangalia wanaondoka bila kusema kitu na hiyo inaniuma kuliko wangenitukana. Na mimi nina afadhali. Jirani yangu ukuta wa nyuma umelala chini wote. Kuna bibi hapa kati anaamka usiku kila mvua ikipiga bati, anafunga nguo kwenye kanga, anakaa mlangoni anasubiri.

Sasa nikukumbushe, Mheshimiwa, siku ya uzinduzi ulisimama juu ya tuta lile lile, utepe ukakatwa, ukatuambia kuanzia leo wananchi laleni usingizi, mafuriko yamekuwa historia. Tulipiga makofi. Na watu walikuamini kweli, manake kabla ya tuta hakuna aliyekuwa anajenga kule bondeni, baada ya hotuba ile viwanja vyote vimejaa nyumba mpaka mguuni mwa tuta. Hapo ndo penye hatari ambayo hamkutuambia. Tuta linakuja na watu nyuma yake, na siku likishindwa linaumiza wengi kuliko wale ambao wangeumia zamani kusipokuwa na tuta. Ukishawaambia watu wako salama umebeba mzigo wa kuhakikisha wako salama kila msimu, hauishi siku ya utepe.

Injinia aliyekuja nawe siku ile alisema tuta limejengwa kuhimili mafuriko ya miaka 100, watu wengi tukaelewa tumepata amani ya miaka 100. Kumbe maana yake ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea kila mwaka, mwaka huu yanaweza kuja na mwakani yakaja tena, na kwa mtu anayekaa pale miaka 30 uwezekano wa kukutana nayo unafika kama asilimia 26. Yani robo! Hilo lilipaswa kusemwa kwenye kipaza sauti siku ile ile. Na hiyo ni hesabu ya maji kupanda juu tu, haihesabu geti lisilo na hendeli.

Nimesoma sana siku hizi, usiku sipati usingizi nasoma kwenye simu. New Orleans kule Marekani, Agosti 2005, kimbunga Katrina, karibu asilimia 80 ya mji ilizama, na kuna kuta za mifereji zilianguka kabla maji hayajafika juu yake, na mwaka uliofuata wahandisi wa jeshi la Marekani waliozijenga wakakubali mbele ya watu kwamba usanifu ulikuwa na kasoro. Marekani, na hela zao zote. Kule Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 yalipasuka usiku watu wamelala, wakafa maelfu kwa maelfu, na nyufa zilikuwa zimeshaonekana tangu 1998, zimeandikwa, zinajulikana. Mwaka 2024 mahakama ikawafunga maofisa 12. Sitaji hili kukutisha, nataja kwa sababu kila mahali stori ni hiyo hiyo, kuna mtu aliona mapema akasema, na kuna ofisi ilipokea ikanyamaza. Sisi tumeona na tunasema, barua zetu mnazo na mihuri yenu iko juu yake.

Tulichoona sio geti peke yake. Upande wetu wa tuta, upande mkavu, chini kabisa karibu na ule mti mkubwa, mto ukiwa juu ardhi inatoa maji. Inabubujika pale chini na kuzunguka lile tundu mchanga unajipanga kama kichuguu kidogo chenye shimo katikati. Mwanzo watoto walikuwa wanachezea. Safari hii niliyachota kwa kiganja nikayaangalia kwa tochi, yalikuwa na mchanga. Wataalamu wenyewe wanasema maji yakitoka masafi bado kuna nafuu, yakitoka na udongo ujue mto unachimba tuta kwa chini na unabeba tumbo lake kidogo kidogo, na tuta la namna hiyo linaweza kukatika ghafla huku kwa juu linaonekana zima kabisa. Na dawa yake ya haraka sio kuziba lile tundu, ukiziba maji yanatafuta njia nyingine, unazungushia viroba vya mchanga kama kisima ili maji yapande humo ndani yapunguze ile nguvu ya kusukuma. Tulizungushia sisi wenyewe, kwa viroba tulivyotoa majumbani, akina mama wameshika matochi. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kutufundisha hilo, na kuna mtaa mwingine ule wa chini wao walikuwa wanakanyagia mawe na udongo kwenye tundu, hawajui, nani awaambie?

Sababu ya tuta kuchoka mimi nina mawazo yangu. Nahisi ni malori ya mchanga, yamechonga njia ya kupandia juu ya tuta upande wa machimbo na pale palipochongwa pameshuka, ukisimama mbali unaona kabisa kilele kimepinda. Wengine wanasema ni mashimo ya panya na fuko, wengine wanasema kontrakta hakushindilia vizuri, alimwaga udongo akapitisha greda juu juu akaondoka. Hendeli nayo kuna wanaosema imeuzwa chuma chakavu, mimi naona ilichukuliwa isiibiwe ikasahaulika stoo. Inawezekana ni yote kwa pamoja. Lakini kujua sababu ni kazi ya ofisi yako Mheshimiwa, sio ya fundi cherehani, na hamjaleta mtu hata mmoja kuja kuangalia tangu kibao kile kipakwe rangi. Bajeti ya kujenga ilikuwepo, ya kutunza ikawa haipo, hivi inawezekanaje? Nani ananunua pampu alafu hanunui mafuta?

Uholanzi mwaka 1953 bahari ilivunja matuta yao usiku wakafa watu 1,836. Wakajenga makubwa baada ya hapo, kila mtu anayasifia, lakini kilichonigusa mimi ni kingine. Wana bodi za maji, nyingine zimeanza karne na karne zilizopita, kazi yao ni maji tu, wananchi wanazipigia kura na kuzilipia kodi, tuta likipata ufa anajulikana wa kuulizwa. Na maji yakipanda kuna watu wa kawaida, wakazi, waliofundishwa kutembea juu ya tuta usiku na mchana wakitafuta ufa na chemchemi. Wakazi kama sisi! Na bado mwaka 2003 kule Wilnis tuta lao moja liliteleza katikati ya kiangazi, jua kali lilikuwa limelikausha likawa jepesi likasukumwa na maji ya mfereji, hakuna mvua wala nini. Kwa hiyo hata hii habari ya kusubiri msimu wa mvua ndo mje na kofia za plastiki mpige picha, haifai. Kiangazi ndo wakati wa kutembea, nyasi ziko chini nyufa zinaonekana.

Mheshimiwa, sisi watu tupo. Vijana wapo, akina mama wapo, usiku ule hakuna aliyelala na hakuna aliyelipwa. Tufundisheni, tutatembea wenyewe. Tupeni karatasi yenye jina la mtu mmoja, mmoja tu, anayehusika na geti lile na kalvati lile na kile kipande cha tuta, na namba yake inayopatikana usiku. Najua mtasema upembuzi yakinifu, mtasema mwaka wa fedha ujao, mtasema wafadhili. Ukarabati wa tuta sawa, tunajua ni hela nyingi, njia ya malori ifukiwe na ishindiliwe, pale panapobubujika pachimbwe paangaliwe, tunaliomba na tutaendelea kuliomba. Wengine huku wanadai fidia na wana haki, ukuta wa jirani yangu haukuanguka wenyewe, na mimi cherehani ndo mkono wangu. Lakini hayo yote naweza kuyasubiri kwenye foleni yenu.

Hendeli siwezi kuisubiri. Mvua hazijaisha, mto umeshuka kidogo tu na mawingu ya juu kule yanatisha tangu jana. Geti bado limekaa nusu, halijashuka halijapanda, kwa hiyo mto ukirudi litaingiza na mvua ikinyesha huku ndani haitatoka vizuri. Wiki hii, Mheshimiwa, sio mwezi ujao, atumwe fundi atoe lile gogo, apake grisi zile nyuzi za skrubu, apime kile kichuma, achonge hendeli mbili. Moja ikae ofisini kwenu. Nyingine ikae hapa mtaani kwa mtu tutakayemchagua kwenye mkutano, aweke sahihi, tuandikishane, ikipotea tumuulize yeye. Mkishindwa kutuma fundi basi tupeni ruhusa kwa maandishi tuchonge wenyewe, manake tulishaambiwa tukigusa mali ya serikali tutashitakiwa, na kuna vijana wanaogopa.

Hendeli Mheshimiwa. Tunaomba hendeli wiki hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, mkazi wa nyuma ya tuta, jirani na kalvati