Barua kwa mwanangu: rafiki yako hajapona

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kuhusu rafiki yako mgonjwa, aliyeombewa mara nyingi kisha akaambiwa haponi kwa sababu imani yake ni haba. Si kweli, mwanangu. Na imeniuma kwamba mtu anaumwa, halafu anatwishwa na hatia juu yake.

Fungua Marko 5. Katika nchi ya Wagerasi kulikuwa na mtu mwenye pepo aliyekaa makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Watu wa kwao walichojua ni kumfunga pingu na minyororo. Alipoulizwa jina, lililotoka kinywani mwake si lake: "Legioni, kwa kuwa tu wengi." Hata jina lilikuwa limemezwa. Wengi wakihubiri habari hii hukaa sana kwenye wale nguruwe wapata 2,000 waliozama, Yesu alipowatoa pepo wale wakawaingia. Mimi hunigusa kilichofuata. Wenyeji wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Anaomba afuatane na Yesu, anakataliwa: aende nyumbani, kwa watu wa kwao. Pepo walimtenga na watu, Yesu akamrudisha kwao. Hapo ndipo kufunguliwa kwake kulipokamilika. Na hakuna aliyempima imani.

Sura hiyo hiyo ina mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Kwa Torati alikuwa najisi, na aliyemgusa alitiwa unajisi. Aligusa vazi la Yesu kwa siri, akapona papo hapo. Kwa nini basi Yesu asimame njiani, huku binti wa Yairo, aliyekuwa akienda kumponya, yu kufani? Naamini alitaka umati ule umsikie akimwita "Binti". Ndiyo, alimwambia imani yake imemponya, wala sitaki uipuuze imani. Lakini yule aliyeugua miaka 38 pale kwenye birika la Bethzatha, katika Yohana 5, hakumjua hata aliyemponya.

Tazama na Paulo. Kule Efeso, leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Paulo huyo huyo anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo, Mwefeso aliyesafiri naye katika huduma, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hakuongeza neno la lawama. Timotheo mwenyewe alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hata Lazaro, aliyefufuliwa na Yesu, alitoka kaburini na mwili ule ule wa kufa. Miujiza ile ilikuwa malimbuko ya ufalme unaokuja, na mavuno yenyewe bado tunayangoja, wazima na wagonjwa pamoja.

Endelea kumwombea rafiki yako apone, tena kwa ujasiri, maana Mungu angali anaponya. Dawa asiache, hata akishauriwa na mtu wa kanisani. Na kama wenzenu wameanza kumkwepa, nenda wewe ukae naye, hata siku ambazo hana nguvu ya kusali.

Baba yako