Barua ya malalamiko: konvertisa yenu inafunika mawimbi yangu kila jua likiwaka

Bukavu, Bagira

Kwa Bwana Direkta na wote wa servisi ya wateja,

Salamu kwanza. Mimi ni ule mteja wa Bagira muliniuzia pano 4 za jua, batri 2 na konvertisa ya wati 3000 (ile sanduku inayogeuza umeme wa batri kuwa umeme wa nyumba) mwezi wa 11 mwaka 2024, fakture ninayo, nililipa yote cash, dola 1.150, hatudaiani ata franka moja. Nimekuja kwenu mara tatu. Mara ya kwanza dada wa kaunta alinisikiliza muzuri akaandika kwenye kitabu, mara ya pili akaniambia nirudi siku ya kazi (ilikuwa siku ya kazi), mara ya tatu nikapewa kiti na maji ya kunywa nikakaa paka magazini ikafungwa, mlinzi ndiye akaniambia papa twende. Basi naandika.

Nianze na mazuri juu sipendi kusingizia mtu. Umeme wenu unawaka, friji ya bibi yangu haijazima ata usiku moja, watoto wanasoma, batri ziko sawa. Sina shida na pano. Shida yangu ni ile konvertisa na vile teknisie wenu alipitisha waya kwenye bati.

Sasa najua mutacheka kidogo, lakini musome paka mwisho. Mimi ni mpenzi wa redio, lakini si redio ya muziki na habari, nasikiliza mawimbi ya chini kabisa, kati ya kiloherzi 3 na 30. Mawimbi ya huko ni marefu, moja inaweza kuwa na kilomita 10 ao zaidi, na hayaendi hovyo angani, yanatembea katikati ya ardhi na ile tabaka ya chini ya ionosfea, ni hewa ya juu yenye umeme, iliyo juu kama kilomita 70 mchana, usiku inapanda karibu 90, ni kama maji ndani ya mufereji, ndiyo sababu yanafika mbali sana bila kuchoka. Majeshi ya maji ya inchi kubwa yanayatumia kuongea na manowari zao za chini ya bahari. Siri zao sizijui wala sizitaki, maneno yamefungwa. Mimi napima tu nguvu ya wimbi, leo iko juu, leo iko chini, basi. Sirushi kitu. Shefu wa avenue alishakuja kuniuliza juu ya ile fremu ya mbao iliyo nyuma ya nyumba, nikamuonyesha, ni mita 1 kwa mita 1 imezungushwa waya wa shaba mizunguko 100, inaingia kwenye amplifaya ndogo niliyochomea mwenyewe, halafu kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Akasema sawa muzee, mradi haileti radi. (Watoto wa jirani wanaiita kitanda ya mizimu.)

Kituo ninachofuata sana ni kile cha Ujerumani, kiko Rhauderfehn, kinarusha kwenye kiloherzi 23,4. Kutoka kule paka Bagira ni kilomita kama 6.500, na nilikuwa nakipata kila siku bila shida na fremu yangu ya mbao. Jua likipasuka, miali yake ya eksi inafika hapa kwa dakika 8, inapiga ile tabaka ya juu, tabaka inashuka na kuwa ngumu, na kwenye grafu yangu mstari wa Ujerumani unaruka ghafla halafu unarudi polepole. Kwa hiyo mimi mutu wa Bagira bila darubini ata moja naweza kuona jua limefanya nini. Tarehe 3 Oktoba 2024, saa nane na dakika kama 18 mchana, ulitokea mlipuko wa X9,0 (X ndiyo daraja la juu la milipuko ya jua), mmoja wa mikubwa kabisa ya miaka hii, na niliukamata muzuri sana, mstari ulipanda kama ukuta. Sikuwa na roho ya kumuonyesha mtu, ni ile siku boti ilizama ziwani karibu na Goma na simu za watu zote zilikuwa zinalia. Lakini grafu iko, nimeiweka.

Hiyo ilikuwa mbele ya kazi yenu. Nyinyi mulikuja mwezi uliofuata.

Tarehe 8 Desemba jua likapasuka tena, X2,2, siku ya Mungu saa tano ya asubuhi, jua limewaka kabisa juu ya Bagira. Tumetoka misa nimekimbilia kompyuta bila kuvua ata koti. Hakuna kitu. Grafu ni nyasi tupu, toka kushoto paka kuume. Nikafikiri fremu imekatika, nikapima waya, iko sawa, nikabadilisha batri ya amplifaya, iko sawa, siku mbili mimi natafuta ugonjwa ndani ya vitu vyangu, kumbe ugonjwa uko ukutani, umebandikwa kibandiko cha kampuni yenu kinachosema umeme wake ni wimbi safi.

Nilijuaje? Musifikiri nabahatisha. Kile kituo cha Ujerumani kila asubuhi kinazimwa kwa muda wa kama saa moja hivi halafu kinawashwa tena, kila mtu anayefuata mawimbi haya anajua hilo, na kwenye grafu yangu ya zamani unaona mstari unaanguka kama umekatwa na kisu halafu unarudi. Hiyo ndiyo mizani yangu. Sasa nikichukua asubuhi moja na disjonkteri (swichi kubwa) ya pano iko juu, Ujerumani wanazima, kwangu hakuna kinachoanguka, ni sawa na rafiki ametoka ndani ya nyumba na wewe hujaona kama ametoka juu ngoma inalia mlangoni. Kesho yake nikashusha disjonkteri ya pano na ya konvertisa, kompyuta inakula batri yake mwenyewe, na mstari ukaanguka saa yake na ukarudi saa yake, safi. Nimerudia asubuhi 6. Mara 6 jibu ni moja. Tena nilizungusha fremu, juu fremu ya namna hii iko na upande inaosikia na upande isiosikia, na kelele inapotea kabisa paka nikiigeuzia uso ule ukuta muliofunga sanduku yenu.

Na kinachoniumiza ni kwamba usiku kelele inapungua sana, inabaki mstari moja mwembamba karibu na kiloherzi 20 naweza kuishi nao. Mchana ndiyo inalipuka, juu ile regulateri ya pano iliyo ndani ya konvertisa inakata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili inyonye pano muzuri, na likipita wingu mistari yote inateleza pamoja, kushoto, kuume, inapita juu ya 23,4 inarudi tena. Bibi yangu akiwasha pasi inahama pia. Usiku mimi siwezi kupima jua, jua haliko. Kwa hiyo sanduku yenu inanyamaza saa sina kazi na inapiga kelele saa yangu ya kazi.

Teknisie wenu alikuja mara moja, kijana wa heshima, ananiita papa, hilo namshukuru. Alitoa simu yake akawasha FM, Radio Maendeleo ikasikika safi kabisa, akasema papa unaona, hakuna parasiti. Nikamwambia mtoto wangu, FM iko mara elfu 4 juu ya mahali mimi nasikiliza, ni kama kuja kuangalia kama kisima kina maji kwa kutazama bati ya nyumba. Akaandika kwenye karatasi "hakuna panne" akaniomba nisaini. Sikusaini. Naona kwenu mumeandika kazi imeisha.

Sasa nifike kwenye waya, juu hapa ndiyo naona kosa la wazi na mutu yeyote wa umeme ataliona. Pano ziko upande moja wa bati, konvertisa iko upande mwingine. Waya ya pozitifu aliipitisha upande wa ziwa, waya ya negatifu akaizungusha upande wa barabara kwa sababu, alisema, tundu la kwanza lilikuwa dogo. Muliona muliyofanya? Mulinijengea fremu kubwa kuliko yangu, inazunguka nyumba nzima, na ndani yake inapita ile kelele yote ya regulateri. Mimi fremu yangu ni ya mita moja kusikia, yenu ni ya nyumba kurusha! Hizo waya mbili zingepita pamoja, zimesokotwa, ndani ya bomba moja, kelele ya moja ingekula ya mwenzake. Sifundishi kazi ya watu lakini nilipanda mwenyewe nikasogeza zile mita 3 za mwisho karibu karibu nikazifunga na skochi, na kelele ikashuka desibeli 8, kwa skochi tu. Tena sanduku ya konvertisa ni ya chuma na waya yake ya ardhi haikufungwa mahali popote, inaning'inia, nimepiga picha.

Kuna mtu kwenye simu yenu aliniambia, papa hapa Bukavu kelele ni ya radi, wewe unasumbuka bure. Huyo alinigusa. Radi naijua kuliko yeye. Hapa juu yetu, Kabare, satelaiti ilihesabu radi karibu 205 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka, ni ya kwanza Afrika nzima, duniani ni lile ziwa Maracaibo la Venezuela tu linaloipita. Radi ndiyo jirani yangu. Kila moja inapiga "tak" kwenye kipaza sauti, na usiku unasikia zile za mbali zinaimba kidogo mwishoni, tyuu, tyuu, juu sauti ya chini inachelewa njiani kati ya ardhi na mbingu. Nimekaa usiku mingi nazisikiliza, wakati mwingine mvua ya mbele inanifanya nishushe waya haraka haraka na kuingia ndani, siwezi kudanganya. Lakini radi inapiga na kunyamaza, programu yangu inaikata na grafu inabaki. Sanduku yenu hainyamazi, sasa nikate wapi?

Nilikuwa pia nangojea mkesha wa Noeli. Kuna mashini ya kale ya kurusha redio huko Grimeton, Sweden, ilianza kazi mwaka 1924, haina transista wala zile taa za redio za zamani, ni dinamo kubwa inayozunguka na kutoa wimbi la kiloherzi 17,2, na kwa kawaida wanaiwasha siku hiyo ya mkesha, asubuhi, ipige morse. Kutoka hapa ni mbali, pengine nisingeipata ata kwa utulivu kamili. Nilikaa, nikaangalia, nikaona paka mistari yenu inateleza na mawingu. Ningezima, ndiyo, lakini siku hiyo nyumba imejaa wageni na friji imejaa nyama, nani atanielewa?

Ninachoomba si kingi. Muje mupitishe waya za pano pamoja kwenye bomba moja, mufunge waya ya ardhi, muweke filtre ya kuzuia kelele kwenye upande wa pano na upande wa nyumba, zile pete nyeusi za feraiti ziko ata kwa wauza vyuma vya zamani, sizungumzii kitu cha Ulaya. Kama baada ya hapo bado, mubadilishe konvertisa kwa nyingine, garanti yenu ni miaka 2 na kibandiko ni chenu. Kama hamuna nyingine, murudishe dola 220 zake peke yake, pano na batri nabaki nazo na nitawasifia. Lakini musinitumie tena mtu wa kuwasha FM.

Muje asubuhi, mbele ya Ujerumani hawajazima, ili teknisie aone mwenyewe mstari ukikataa kuanguka. Kompyuta itakuwa mezani, chai itakuwa. Ngazi muje nayo, yangu ilivunjika nilipopanda na ile skochi.

Mimi mteja wenu wa Bagira, mwenye fremu ya mbao