Malalamiko Kuhusu Ziara ya Efeso Kutoka Bandari ya Kuşadası

Kikundi cha Mahujaji,
Ipuli, Tabora.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDAI MAREJESHO YA ADA YA ZIARA YA EFESO

Kwa niaba ya mahujaji wa Tabora waliosafiri kwa meli mliyotupangia, nalalamikia namna tulivyohudumiwa siku tuliyofika Kuşadası, Uturuki.

Kipeperushi chenu kilisema meli ingefunga gati katika bandari ya Efeso. Bandari hiyo ilifukiwa na tope la mto Küçük Menderes karne nyingi zilizopita, na magofu ya mji huo wa kale yako takriban kilomita 20 kutoka gati la Kuşadası. Umbali huo si tatizo, maana basi huumaliza kwa muda mfupi; tatizo ni kwamba wazee wetu hawakuelezwa lolote hadi waliposhuka melini.

Lililotuumiza zaidi ni muda. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye magofu, tulipelekwa katika duka la mazulia, tukaketishwa, tukapewa chai na kutandikiwa zulia moja baada ya jingine hadi asubuhi ikatuishia humo. Efeso tuliipita mbio. Mbele ya Maktaba ya Celsus tulipiga picha tukiharakishwa, na ule ukumbi mkubwa wa michezo, ambamo Matendo ya Mitume sura ya 19 inasimulia umati ukipiga kelele kwa muda wa saa mbili, tuliutazama tukiwa njiani kurudi kwenye basi, ilhali tulikusudia kuketi kwenye ngazi zake na kuisoma sura hiyo kwa pamoja.

Nyumba ya Bikira Maria, waliyoizuru Papa Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979 na Benedikto XVI mwaka 2006, hatukufikishwa kabisa, kwa maelezo kwamba meli isingetusubiri. Mama mmoja mzee alikuwa amebeba bahasha ya nia za sala za jumuiya yake, kila moja imeandikwa kwa mkono wa mwenyewe, ili azifunge kwenye ukuta wa maombi ulioko pale. Amerudi nayo Tabora haijafunguliwa, na sasa anawaeleza majirani jambo ambalo ninyi ndio mliopaswa kulieleza.

Tunaomba turejeshewe ada yote ya ziara hiyo, kwa kuwa tuliilipa mbali na nauli ya meli. Aidha, kipeperushi kitaje Kuşadası waziwazi, na hujaji asipelekwe dukani kabla ya kufikishwa mahali alipolipia kwenda. Tunategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mwenyekiti wa Kikundi